Waridi la Jangwani, Ua Lisiloshindana na Ndoo ya Jirani



Leo tunazungumza juu ya maua, na tunajua wengine mtatununia. Tunasema hivi: katika kisiwa ambacho mwanamke anaamka saa kumi alfajiri kuvizia bomba, ua la pambo linalotaka maji asubuhi na jioni halina haki ya kukaa mlangoni petu. Hatusemi watu wasipande maua, Mungu apishie mbali. Tunasema wapande lile lisiloshindana na ndoo ya jirani, na lipo, tena halijatoka mbali. Ni waridi la jangwani.

Sisi hatukuanza na maarifa haya. Sisi ni wanawake watatu tunaoshona pamoja, magauni, mabuibui na sare za skuli, na mbele ya duka letu kuna kibaraza na kipande cha uwanja. Tulipoanza kuona faida kidogo tukataka pawe na sura. Tukapanda mawaridi ya kuletwa, majani mapana ya pambo, na nyasi zile za kutandazwa kama zulia. Wateja wakasifu, wakapiga picha. Na kila siku ndoo mbili kubwa za maji zikaenda pale, moja asubuhi na moja baada ya alasiri. Tulikuwa na tangi letu, basi tukaona maji ni yetu.

Kaskazi ya mwaka juzi pampu ya mtaani kwetu ilikufa, ikakaa zaidi ya wiki. Siku moja baada ya adhuhuri tukafungua mpira, tukaulaza kwenye mawaridi, tukaingia ndani kubishana juu ya kola ya gauni la bibi harusi. Tulipotoka tukamkuta bibi mmoja jirani yetu, mtu mzima wa kubusiwa mkono, amekaa barazani na dumu lake la lita kumi. Maji yalikuwa yamejaa kwenye nyasi, yamevuka ukingo, yanateremka barabarani na kupita karibu na viatu vyake.

"Nashikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Nimekuja kuomba maji ya kutawadhia tu, kama yapo."

Kama yapo! Tulimjazia dumu, mmoja wetu akambebea mpaka kwake. Hakutwambia neno jingine, wala hatukusikia kwamba alitusema kwa mtu. Laiti angetugombeza tungepata pa kujitetea.

Jioni ile tulikaa tukapiga hesabu kama tunavyopiga hesabu za kitambaa. Ndoo ya lita 20 mara mbili kwa siku ni lita 40. Kwa siku 30 ni lita 1,200, yaani madumu 120 kama lile la bibi, yote kwa ajili ya kupigiwa picha. Halafu tukakumbuka tulichosoma chuoni utotoni. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na akioga kwa pishi moja, mpaka vibaba vitano. Kibaba ni kiasi cha viganja viwili vya mtu wa wastani vikikusanywa pamoja, hakifiki lita moja. Kwa hiyo maji tuliyokuwa tukiyamwaga kwa siku moja ni udhu wa watu zaidi ya arubaini. Mtu akitaka kubishana na sisi katika jambo hili, abishane na hesabu hiyo kwanza.

Nyasi tuling'oa wiki ile ile. Mawaridi ya kuletwa tulimpa shangazi wa mmoja wetu anayekaa shamba, kwenye kisima kizuri. Uwanja ukabaki mtupu, na tukakaa hivyo karibu miezi miwili, mpaka mmoja wetu alipopita kwenye kitalu cha miche akarudi na kijiti kimoja kinene tumbo, kina majani sita na ua moja, kimepandwa kwenye kopo. Sisi wawili tuliobaki tulicheka. Kilikuwa kama kiazi kilichovishwa kilemba.

Waridi la jangwani si waridi kwa nasaba. Ukoo wake ni ule wa olianda na frangipani zinazopandwa mahotelini, na ndiyo maana ukilivunja linatoa utomvu kama wale ndugu zake. Jina lake la kitaalamu ni Adenium obesum. La kwanza linarejea Aden ya Yemen, la pili maana yake ni nene, na huku kwetu unene si tusi. Linaota lenyewe porini katika nyika kavu za Kenya na Tanzania, Somalia na Ethiopia, na ng'ambo ya bahari kule Yemen na milima ya Dhofar huko Oman, ambako wengi wetu tuna ndugu na jamaa. Katika kisiwa cha Socotra wako wenzake wenye shina kubwa lililovimba kama chupa, utadhani mtu kazigeuza chupa juu chini akazichomeka majabalini. Basi anayetwambia ni ua la kigeni hajapita Tsavo wakati wa ukame, akaona vichaka vimekauka rangi ya vumbi, na katikati yake ua la pinki limechanua juu ya tawi lisilo na hata jani moja.

Siri yake iko kwenye lile tumbo. Shina la chini na mizizi yake huvimba na kuweka maji kama tangi. Ukame ukizidi, mmea hupukutisha majani, kwa sababu maji mengi ya mmea hupotelea kwenye majani, ukakaa kimya na akiba yake ukisubiri. Aina ya asili ina maua ya pinki yaliyokoza ukingoni na kupauka katikati, umbo la tarumbeta ndogo. Siku hizi wakulima wa Thailand na Taiwan wamezalisha za kila rangi: nyeupe, nyekundu ya damu, nyekundu iliyokoza mpaka inakaribia weusi, na nyingine zenye petali tabaka mbili au tatu kama gauni la marinda. Zote ni nzuri, ingawa sisi bado tunaipenda ile ya pinki ya kawaida.

Sasa tuje kwenye lawama, kwa sababu tumezisikia zote.

Lawama ya kwanza imetoka kwa mama zetu wenyewe, nayo ni nzito: ua hili halinuki. Ua lisilonukia ni ua gani? Mwanamke wa visiwani hapandi ua kwa jicho tu. Asumini tunaichuma jioni, tunaifunga kikuba na mrehani, tunatia na vilua ukiwa msimu wake, na mlangilangi, na mkadi kwa aliyejaaliwa. Bibi harusi wetu hanukii kwa chupa ya dukani tu. Kwa mizani hiyo waridi la jangwani ni ua la mkia. Hulitii kwenye kikuba, hulifukizi, na ukilikata ukaliweka kwenye glasi linanyong'onyea upesi. Na hata kama lingenuka tusingekuruhusu ulitie kifuani, kwa sababu tutakayoeleza.

Hatubishi. Ila tunauliza, yale majani mapana na nyasi za zulia tulizokuwa tukizinywesha, zilinukia nini? Asumini haijawahi kuwa mshitakiwa wetu. Asumini inafanya kazi ndani ya nyumba, imestahili maji yake, na mpaka leo tunayo uwani, inapata kopo lake kila jioni bila kinyongo. Tunachokikataa ni kumwagia maji mengi kitu cha kutazamwa tu. Ikiwa ni cha kutazamwa, basi kiwe kinachojitegemea, maji yaende kwa asumini na kwa jirani. Bibi yetu mmoja alipoambiwa hivyo alifikiri kidogo akasema, "Basi liwekeni nje, ndani msiniletee." Tukaona hiyo ni ruhusa.

Lawama ya pili ni sumu, na hapa tunaomba msome polepole, khasa mwenye watoto wanaotambaa.

Ni kweli. Utomvu wa waridi la jangwani una sumu inayoshika moyo. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania Bara, huuchemsha wakaupaka kwenye mishale ya kuwindia, na makabila mengine ya Afrika nayo yamefanya hivyo tangu zamani. Mmea unaoangusha mnyama wa porini si wa kuchezea. Wauzaji wengi hawakwambii hili, nasi aliyetuuzia hakutwambia. Tulijua kwa bahati, baada ya mmoja wetu kukata tawi, akajifuta jicho kwa mkono ule ule, na jicho likawasha na kuwa jekundu mpaka usiku.

Je, tuling'oe? Sisi tunasema hapana. Mafuta ya taa yamo majumbani mwetu, dawa ya kufulia imo, olianda imepandwa kwenye nyua za watu miaka nenda rudi na wala hakuna anayeiuliza. Kilicho wajibu ni kujua na kuweka mbali. Chungu kisiwe chini kama kuna mtoto wa kutambaa au wa kutia kila kitu mdomoni. Weka juu ya ukuta au kwenye roshani, na kama huna pa juu, subiri mtoto akue, maua hayakimbii. Mbuzi afungwe. Ukikata matawi vaa glovu au mfuko wa nailoni mkononi, osha kisu, osha mikono kwa sabuni, usijiguse macho, na vijiti ulivyokata usivitupe njiani wala usivitie jikoni kama kuni. Ikitokea mtu ametafuna jani au ua, usikae kumpa maziwa na kusikiliza ushauri wa majirani. Nenda hospitali saa ile ile na uchukue kitawi ukawaonyeshe. Na ukimpa mtu mche, mwambie habari hii kabla hujamkabidhi. Kumpa jirani kitu chenye madhara ukanyamaza ni kumdhulumu, hata kama kimechanua.

Lawama ya tatu tunaipitia haraka. Wapo wanaosema mmea huu ukiwa mlangoni unakinga hasad, wapo wanaosema unaleta ugomvi wa mke na mume. Ni mmea. Anayetaka kinga aina Ayatul Kursiyyu na zile sura mbili za mwisho, na anayegombana na mumewe aangalie mengine.

Baada ya hayo, tuwaambie tulivyoiua mimea minne kati ya saba ya kwanza, maana hapo ndipo penye elimu yote.

Tuliiua kwa maji. Hatukuamini kwamba kitu chenye ua kinaweza kukaa siku tano bila kunywa. Kila aliyefika asubuhi dukani alitia kopo lake, na wengine wawili hawajui, kwa hiyo mche mmoja ukinywa mara tatu. Majani yakawa manjano. Tukaona una kiu, tukaongeza. Siku tuliyougusa tumbo likabonyea kama embe bovu, na tulipoung'oa chini ulikuwa umeoza unanuka. Wa pili vile vile. Wa tatu na wa nne tuliwapoteza masika, tuliwaacha uwanjani kwenye vyungu visivyo na tundu la kutosha, na mnaijua masika ya huku, mvua haiulizi.

Jambo moja tulilojifunza lingetuokolea yote minne, nalo ni hili: gusa tumbo kabla ya kumwaga. Likiwa gumu, liache. Likiwa limelegea na udongo umekauka mpaka chini, hiyo ndiyo kiu, mpe maji mpaka yatoke kwenye tundu, kisha mwache tena. Lakini likiwa limelegea na udongo una majimaji, hiyo si kiu, huo ni uozo, na kila kopo unaloongeza ni la kumuulia. Ukiwahi unaweza kuuokoa. Ung'oe, kata sehemu zote zilizooza kwa kisu safi mpaka ufike kwenye nyama nyeupe ngumu, uache kivulini siku kadhaa kidonda kikauke, halafu panda upya kwenye udongo mkavu na usitie maji kwa wiki nzima. Wengine hupaka kidonda unga wa mkaa au mdalasini. Sisi tumejaribu mdalasini kwa mmoja ukapona, ila hatuwezi kuapa kama ni mdalasini au ni kule kuuacha ukauke.

Tangu hapo mtiaji maji ni mmoja tu kwa wiki, kwa zamu, na wengine marufuku. Kwa jua kali la kaskazi vyungu vyetu kumi vinapata takriban lita moja kila kimoja, mara moja au mbili kwa wiki. Wakati wa kipupwe mmea hupunguza mwendo, unaweza hata kuangusha majani, na hapo maji yanapungua zaidi. Usiogope ukiona uchi. Masika tunavisogeza vyote chini ya upenu, na vuli tunaviacha nje tukiviangalia.

Na maji hayo hayatoki bombani. Kila mmoja wetu anapotawadha dukani anaweka beseni chini, na yanayodondoka ndiyo yanayokwenda kwenye vyungu. Maji yaliyokwisha tumika kwa udhu ni tohara, ingawa katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, hayafai kutawadhia tena. Ua halina shida hiyo. Adhuhuri na alasiri za wanawake watatu zinatosha vyungu kumi, na hubaki.

Udongo nao ni nusu ya kazi. Udongo mweusi wa shamba peke yake unashika maji kama sponji, usiutumie. Sisi tunachanganya sehemu mbili za vitu vya kupitisha maji, yaani mchanga wa chenga na vipande vidogo vya matofali au mkaa, kwa sehemu moja ya udongo na samadi iliyooza vizuri. Mchanga wa pwani una chumvi, ukilazimika kuutumia uoshe na uoshe tena. Chungu kiwe kipana kuliko kirefu na kiwe na matundu. Si lazima ununue cha mfinyanzi, dumu lililokatwa au kopo la rangi linatosha, toboa kwa msumari wa moto. Wenye visima vya maji yenye chumvi wataona baada ya muda utando mweupe juu ya udongo. Siku ya mvua nzuri toa chungu nje kisuuzike, kisha kirudishe.

Jua ndilo chakula chake. Mwenye ua la namna hii kivulini akalalamika halichanui hatuna la kumsaidia zaidi ya kumwambia alitoe nje. Linataka jua la nusu siku au zaidi. Ukitaka maua mengi punguza matawi mwanzoni mwa kipindi cha joto, kwa sababu maua yanatoka kwenye ncha za matawi, na tawi moja lililokatwa huzaa mawili au matatu. Ukilihamisha chungu, kila mwaka mmoja au miwili, lipandishe juu kidogo ili sehemu ya mizizi minene ionekane. Hapo ndipo linapata lile umbo ambalo watu wanasimama kulitazama. Wadudu si wengi. Vidung'ata vyeupe kama pamba tunavifuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Wakati mwingine huja kiwavi mnene wa kijani mwenye madoa kama macho, anaweza kumaliza majani yote kwa usiku mmoja au miwili. Muokote kwa kijiti. Sumu inayotutisha sisi, yeye ni chakula chake.

Neno letu la mwisho ni la biashara, na ni la wanawake. Miche mikubwa ya ua hili inauzwa ghali, na wanunuzi wengi ni mahoteli na wenye nyumba mpya. Sisi tunaona si lazima fedha hiyo iishie kwa mwenye kitalu kikubwa. Ua hili linaota kwa mbegu kwenye sinia la plastiki barazani, halitaki shamba wala pampu, na mwanamke mwenye watoto na cherehani anaweza kulilea akiwa kwake. Tunasema mbegu kwa makusudi, kwa sababu ukipanda kijiti kilichokatwa kinaota, lakini kwa kawaida hakipati tumbo zuri la chini kama kilichotoka kwenye mbegu. Zile za rangi za ajabu huwa ni pandikizi, kitawi cha aina nyingine kilichoungwa juu ya tumbo la mche wa mbegu. Hilo linahitaji wembe mkali na mkono mtulivu, na tunadhani mafundi cherehani tumejaaliwa vyote viwili, ingawa bado tunajifunza.

Mbegu ziko ndani ya maganda mawili yaliyoungana kama pembe za mbuzi. Yanakaa mtini miezi kadhaa, na siku yakipasuka usipokuwapo umekula hasara, kwa sababu kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili na upepo unazibeba zote. Watu hufunga ganda kwa uzi. Sisi tunashona vifuko vidogo kwa mabaki ya neti za shela na kulivika ganda likianza kubadilika rangi. Mbegu mbichi ukizilaza juu ya mchanga wenye unyevu na kuzifunika kidogo tu, nyingi huota ndani ya wiki moja hivi, na mche wake huweza kuchanua baada ya mwaka mmoja au miwili. Wakati wa utoto huo unataka maji mara nyingi zaidi kuliko ukubwani, hilo msilisahau. Wala msiende kuichimbua ya porini mkiwa Bara. Ile imekaa pale miaka mingi kuliko sisi, na ikishakatwa mizizi mara nyingi inaoza njiani.

Tukisema biashara hatumaanishi kila kitu kiuzwe. Mche wa kwanza uliotoka kwenye mbegu zetu wenyewe tulimpelekea yule bibi, umo kwenye kopo la rangi tulilolipaka upya. Tukamweleza habari ya utomvu, tukamwambia ana wajukuu, auweke juu. Akatuuliza unakunywa kiasi gani. Tukamwambia kopo moja kwa wiki, la maji ya udhu. Akainama akanusa ua, akaguna, akasema halinuki. Kisha akatuelekeza tumweke juu ya ukuta wa uwani, upande unaopata jua, mbali kidogo na asumini yake.

Mwaka huu maganda manane yamefunga. Vifuko tumeshavivika, na kila asubuhi kabla ya kufungua duka tunatoka kuviangalia.